Kiwanja, pagale au nyumba iliyokamilika: ulinganisho kwa anayejiandaa kupata kwake

Chukua mtu anayepanga Tabata, anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ambaye baada ya miaka mingi ya kujinyima ana shilingi milioni 30 benki. Ndani ya wiki moja anapokea simu tatu. Dalali anasema kuna kiwanja kizuri Chanika. Shemeji yake anasema kuna pagale, nyumba ambayo ujenzi wake uliishia njiani, Goba; mwenyewe ana shida na anataka kuliachia haraka. Afisa wa benki aliyepita ofisini kwao anasema hizo milioni 30 zinatosha kuwa mchango wake kwenye nyumba iliyokamilika, inayobaki italipwa na benki naye atairudisha kwa miaka 15. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, na ndiyo maana mtu huyu halali usingizi.

Katika familia yetu njia zote tatu zimepitiwa. Mimi nilinunua kiwanja nikajenga kwa miaka sita. Dada yangu alinunua pagale. Binamu yetu alichukua mkopo akaingia kwenye nyumba yenye mapazia tayari. Tumekaa mara nyingi sebuleni kwa mama tukihesabu nani alilipa nini, na kila tukihesabu tunaishia pale pale: bei ya mwanzo haikuamua mambo. Kilichoamua ni jinsi fedha inavyomwingia kila mmoja wetu, na nani alikuwa na nafasi ya kwenda kusimama pale panapojengwa.

Ninayoeleza ni ya Tanzania Bara, hasa Dar es Salaam na Pwani. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

## Vipimo vinne

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale manne. La kwanza ni fedha: inatoka kwa mkupuo au kwa vipande, na jumla yake siku ya mwisho ni ngapi. La pili ni karatasi, yaani haki gani hasa unaipata. La tatu ni muda hadi siku utakayolala ndani, maana kila mwezi wa kusubiri una kodi yake unayoendelea kulipa kwingine. La nne ni yaliyofichika: yale ambayo macho hayaoni siku ya kuonyeshwa, na kazi ya usimamizi itakayokudai baada ya kulipa.

Lakini karatasi zina sehemu isiyobadilika, iwe umeenda kiwanjani, kwenye pagale au kwenye nyumba yenye vigae. Tuanze nayo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapolia.

## Karatasi: kazi ya kwanza kwa njia zote

Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, na hati huandikwa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: una haki gani hapa, na imebaki miaka mingapi?

Haki hizo zina ngazi. Juu kabisa ni hati iliyosajiliwa. Chini yake ni ofa, ile barua ya toleo ambayo bado haijawa hati. Kuna leseni ya makazi, inayotolewa kwenye maeneo yaliyojengeka bila mpango, nayo ni ya muda mfupi. Chini kabisa ni mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa, eneo likiwa halijapimwa. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa juu ya ngazi hii ya mwisho, na watu wamezaa na kuzeeka humo. Simwambii mtu asinunue. Namwambia asilipe bei ya hati kwa kitu kisicho na hati, na ajue kwamba benki hazitaupokea mkataba wa mtaa kama rehani ya mkopo wa nyumba.

Penye hati, omba nakala yake na ufanye upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Muuzaji anayeogopa kukupa nakala ya hati ameshakujibu. Kisha nenda na mpima ardhi uliyemtafuta mwenyewe, si wa dalali, ahakikishe bikoni, yaani alama za mipaka, zilizopo chini ndizo zilizo kwenye ramani ya upimaji. Nimeona mtu akionyeshwa kiwanja cha kona kando ya barabara ya mtaa, huku namba iliyokuwa kwenye hati ni ya kiwanja cha nyuma yake chenye korongo.

Uliza kuhusu ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mauzo yaliyofanyika kwa siri yanaweza kukurudia mahakamani wakati umeshapaka rangi. Sahihi ya mwenzi iwe kwenye mkataba. Kama mwenye mali alifariki, anayekuuzia awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa wa marehemu hakumpi mtu mamlaka ya kuuza.

Halafu uliza ofisi ya mipango miji ya halmashauri eneo hilo limetengwa kwa ajili ya nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au ufukweni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, na kuanzia Desemba 2015 nyumba za bondeni ziliwekwa alama nyekundu ya X na kubomolewa. Mwaka 2017 ikawa zamu ya waliojenga kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, Kimara kuelekea Kibaha. Wengi wao walikuwa wamekaa pale miaka mingi, wana umeme na maji ya kulipia, na bado ukuta ulianguka. Bili ya TANESCO haithibitishi umiliki.

Mwisho, kodi za mauziano. Kwa kawaida muuzaji mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na uhamisho wa umiliki hausajiliwi mpaka kodi hiyo imemalizwa TRA. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, gharama za mthamini na za wakili. Wauzaji wengi hutaja bei "ya mkononi", maana yake kodi zote zimwangukie mnunuzi. Si kosa kukubaliana hivyo. Kosa ni kuligundua baada ya kulipa. Liandikwe kwenye mkataba, mstari kwa mstari, nani analipa nini.

## Njia ya kwanza: kiwanja, ujenge taratibu

Fedha. Huu ndio mlango mpana kwa mtu mwenye kipato cha vipande: mfanyabiashara wa Kariakoo anayevuna Ramadhani na Desemba, mkulima, dereva, mama wa saluni, mtumishi anayeingiza posho mara moja moja. Unanunua ardhi leo, unapumzika. Msimu ukija unachimba msingi. Mwaka mwingine unapandisha boma, yaani kuta, halafu unapaua. Hakuna anayekufuata mwezi ukiisha.

Ubaya wake ni kwamba fedha ya vipande inavuja. Saruji na nondo hupanda bei wakati wewe unakusanya. Fundi huondoka na hesabu ya kichwani, mwingine akija anaanza kwa kulaumu kazi ya mwenzake. Na kuna kosa moja ambalo nililifanya mimi mwenyewe: kudhani bati likipanda nimemaliza. Nyumba iliyopauliwa bado inasubiri plasta, sakafu, dari, milango, madirisha, grili, nyaya, mabomba, choo na shimo lake, na hayo kwa pamoja hula fedha karibu sawa na boma lote, pengine kuzidi. Nilipopaua nilikuwa na furaha ya mtu aliyefika. Ilinichukua miaka miwili na nusu kutoka pale hadi kulala ndani.

Kama unajenga kwa vipande, nunua mapema vitu vinavyostahimili kukaa: bati, nondo zilizohifadhiwa pakavu, mbao zilizotiwa dawa. Saruji usiiweke akiba, mfuko ukikaa miezi mitatu nguvu yake inaanza kushuka na mabonge yanaonekana. Mchanga usio na chumvi nao usimamie kwa macho yako. Pwani yetu hii kuna mtu atakuletea lori la bei nafuu lisilojulikana limetoka wapi, na chumvi ile itakula nondo ndani ya zege.

Karatasi. Hapa ndipo kiwanja kinaweza kuwa bora kuliko njia zote, au kibaya kuliko zote. Ukinunua kwenye eneo lililopimwa, kama yale ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 na kuzaa mitaa ya Kibada, Tuangoma na Bunju, unapata barabara zilizochorwa na hati yenye historia fupi inayofuatilika. Ukinunua shamba lililokatwa vipande na mtu binafsi, unaweza kuwa mnunuzi wa tatu wa eneo lile lile bila kujua, kwa sababu kiwanja kitupu hakina mtu wa kukuuliza unatafuta nini. Kikinunuliwa, kiwekee alama: uzio, miti, hata msingi mdogo, na ujitambulishe kwa majirani wa pande zote nne. Majirani ndio walinzi wa kwanza. Pia soma masharti ya hati. Mara nyingi yanakutaka uendeleze ndani ya miezi 36, na kibali cha ujenzi kinatakiwa kabla ya jembe la kwanza.

Muda. Mrefu. Ukiwa unalipa kodi ya 300,000 kwa mwezi na ujenzi ukachukua miaka minne, umelipa milioni 14.4 kwa mwenye nyumba wako wakati unajenga. Watu hawaiandiki hiyo kwenye daftari la ujenzi, lakini ni gharama ya nyumba yako kama ilivyo saruji. Ndiyo maana wengi huhamia wakiwa na vyumba viwili vilivyokamilika na sakafu ya zege kavu. Si aibu, ni hesabu nzuri, mradi choo kiwe kimekamilika na wenza mmekubaliana kwa dhati. Watoto hustahimili vumbi kuliko tunavyofikiri. Ndoa isiyokubaliana haistahimili.

Yaliyofichika. Udongo, maji na njia. Nenda mvua za masika zikiwa zimepamba moto, uone maji yanapita wapi na bodaboda inafika au inaishia njiani. Udongo mweusi wa mfinyanzi hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, na unadai msingi wa gharama zaidi. Uliza bomba la DAWASA liko umbali gani, maana kujenga kwa maji ya boza ni bei nyingine kabisa. Usimamizi ndiyo kazi kubwa: asiyekuwepo pale hujengewa nyumba ya mwenye kuwepo.

Inamfaa mwenye kipato kisicho sawa kila mwezi, mwenye subira, na ambaye yeye mwenyewe au ndugu wa kuaminika anaweza kufika eneo la ujenzi kila kazi inapoendelea.

## Njia ya pili: pagale

Mapagale ni mengi mijini, na kila moja lina kisa. Kabla ya kuuliza bei, uliza kwa nini ujenzi ulisimama, kisha uwaulize majirani swali hilo hilo ulinganishe majibu. Fedha ziliisha? Hiyo ni sababu safi. Mwenyewe amefariki? Basi tuko kwenye mirathi, na pengine warithi hawajakaa chini. Wenye ndoa wameachana? Kuna sahihi mbili za kutafuta. Halmashauri ilisimamisha? Ondoka. Dada yangu aliambiwa fedha ziliisha. Jirani, mama muuza genge wa pale kona, akamwambia kuna mke wa kwanza Tanga ambaye hakuulizwa. Ilichukua miezi mitano mke yule kupatikana, kusikilizwa na kusaini, naye alipata haki yake kwenye fedha ile. Bila genge lile dada angekuwa na kesi leo.

Fedha. Mkupuo mmoja wa wastani mwanzoni, kisha vipande. Unaruka hatua ya msingi na boma, na kama muuzaji ana haraka bei inaweza kuwa chini ya alichotumia. Lakini muuzaji huhesabu kila kitu alichowahi kulipa, pamoja na fundi aliyemwibia. Wewe hesabu kinyume chake: kiwanja kitupu mtaa huu ni bei gani, boma hili kulijenga leo ni kiasi gani, halafu toa gharama ya kurekebisha. Kurekebisha huku ndiko kunakosahaulika.

Karatasi. Ongeza juu ya yale ya jumla: je, kuna kibali cha ujenzi na ramani? Bila ramani hujui nondo ngapi zimelala ndani ya nguzo. Na usikubali kuuziwa "jengo" peke yake bila maelezo ya ardhi. Mkataba utaje kiwanja, mipaka, na kilichopo juu yake.

Muda. Wa kati. Pagale lenye kuta nzima likikutana na mtu mwenye fedha ya paa tayari, mwaka mmoja unatosha kuhamia vyumba viwili vitatu. Lisipokutana na fedha hiyo, litaendelea kuwa pagale chini ya jina jipya.

Yaliyofichika. Hapa nakaa kidogo, maana pagale linaficha mambo wazi wazi. Kuta zisizo na paa hunywa mvua kila msimu. Kwaruza tofali kwa msumari: likimwagika kama sukari, lilifyatuliwa kwa kubania saruji. Tazama nondo zilizochomoza juu ya nguzo. Kutu ya juujuu inasuguliwa, lakini nondo iliyomenyeka tabaka kwa tabaka imekwisha nguvu. Tafuta nyufa zinazokwenda mshazari kutoka kona za madirisha, hasa zinazopanuka kadiri zinavyopanda. Hizo huashiria msingi umeshuka upande mmoja. Simama mbali uitazame linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, kama imenyooka. Chimba kidogo pembeni mwa ukuta uone msingi umeingia chini kiasi gani. Kama huwezi, lipa fundi mzoefu, na bora zaidi mhandisi, kwa siku moja. Asiwe mtu wa dalali wala wa muuzaji.

Kitu kingine ni kwamba nyumba hiyo ni ndoto ya mtu mwingine. Jiko lilipowekwa ni pale alipotaka yeye. Dada alidhani kuhamisha ukuta mmoja wa korido ni jambo la siku mbili. Ukuta ule ulikuwa umebeba uzito wa nyumba, ikabidi iwekwe boriti ya zege, na bajeti ya milango ikaisha hapo. Ukiwa mtu wa kutaka kila kitu kwa mchoro wako, pagale litakutesa. Kama unaweza kuishi na mpangilio uliopo, litakufaa sana.

Inamfaa mwenye akiba ya kununua na, juu yake, akiba nyingine au chanzo cha uhakika cha kupaua mapema. Anayetaka mtaa uliokwisha kujengeka, wenye shule na daladala, ambako viwanja vitupu havipatikani tena, mara nyingi pagale ndilo mlango wake pekee.

## Njia ya tatu: nyumba iliyokamilika

Fedha. Wachache hulipa taslimu. Kwa wengine ni mkopo wa nyumba. Mikopo ya miaka mingi ilianza kupata nguvu baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na kuanzishwa kwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayozikopesha benki ili nazo ziweze kukopesha kwa muda mrefu. Hata hivyo mikopo hii nchini bado inahesabika kwa maelfu machache tu ya watu, na riba imebaki ya kuuma. Benki nyingi hutaka uchangie asilimia 10 hadi 20 ya bei.

Tufanye hesabu bila kuogopa. Kopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayopungua kadiri unavyolipa. Kwa miaka 10, rejesho ni kama 968,000 kwa mwezi, na jumla utarudisha milioni 116. Kwa miaka 15, ni kama 840,000 kwa mwezi, jumla milioni 151. Kwa miaka 20, ni 790,000 kwa mwezi, jumla karibu milioni 190. Tazama hatua ya mwisho: kujipunguzia 50,000 kwa mwezi kunakugharimu milioni 38 za ziada. Watu huchagua muda mrefu kwa sababu rejesho linaonekana dogo, na afisa wa mikopo huenda asikuonyeshe safu ya jumla usipoiomba. Iombe. Uliza pia kama riba inabadilika, na kama kuna adhabu ukilipa kabla ya muda. Juu yake kuna bima ya maisha ya mkopaji, bima ya jengo, mthamini na ada ya kuandaa mkopo. Ukiwa mtumishi wa umma, kumbuka makato yote kwa pamoja lazima yakuachie theluthi ya mshahara, kwa hiyo mkopo wa gari uliouchukua mwaka jana unaweza kuwa ndio unaokunyima nyumba mwaka huu.

Asiyetaka riba kwa sababu ya dini ana benki za Kiislamu na madirisha ya Kiislamu ndani ya benki za kawaida, ambazo hununua nyumba na kukuuzia kwa faida inayojulikana mapema. Linganisha jumla ya mwisho kama ungefanya kwa mkopo mwingine wowote.

Usije ukaona njia hii ni ya wapumbavu kwa sababu ya milioni 151. Binamu yangu aliacha kulipa kodi mwezi ule ule alioingia, na hakukesha hata siku moja akilinda mifuko ya saruji. Anajua tarehe na kiasi, basi. Kwa daktari mwenye zamu za usiku kama yeye, utulivu huo una thamani yake, na mimi niliyekimbia kila Jumamosi kwa miaka sita siwezi kumwambia alilipa zaidi yangu.

Karatasi. Mkopo una faida moja isiyosemwa: benki haiweki fedha yake kwenye hati mbovu. Wakili wake na mthamini wake watachimba, na uchimbaji huo unakulinda nawe, ingawa usiache kuwa na wakili wako. Ukinunua fleti, kwa mfano za Shirika la Nyumba la Taifa, lililopo tangu 1962, au za mwendelezaji binafsi, msingi wake ni Sheria Na. 16 ya 2008 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Dai kuona hati ya sehemu hiyo, au maandishi ya lini itatoka. Uliza ada ya huduma ya kila mwezi kwa lifti, ulinzi na usafi, na kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani.

Anayeuziwa fleti ambayo haijajengwa anunue kwa tahadhari kubwa zaidi: malipo yafuate hatua za ujenzi, si kalenda.

Muda. Mfupi. Uhamisho wa umiliki na taratibu za benki zinaweza kula miezi kadhaa, kisha unapakia kabati.

Yaliyofichika. Rangi mpya. Nyumba iliyopakwa rangi wiki iliyopita inaficha unyevu, nyufa na chumvi inayopanda kutoka chini ya kuta. Itembelee mara mbili, moja iwe baada ya mvua. Fungua bomba zote kwa pamoja, vuta choo, uliza shimo la maji taka lilinyonywa lini. Angalia deni la maji, risiti za pango la ardhi, na mita ya LUKU, maana tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo na malimbikizo huonekana pale unaponunua umeme.

Inamfaa mwenye mshahara wa uhakika, asiye na muda wala mtu wa kusimamia ujenzi, na ambaye rejesho halitamvunja hata mwezi mtoto akiugua.

## Kwa hali yako

Ukiwa na kipato cha msimu, usikubali rejesho la kila mwezi hata benki ikikubali. Nunua kiwanja chenye hati, hata kikiwa kidogo kuliko ulivyotaka na mbali kuliko ulivyotaka, ujenge vyumba viwili. Hati hiyo ndiyo itakayokufungulia mkopo wa kumalizia nyumba baadaye, ukiwa umebakiwa na deni dogo badala ya kubwa.

Ukiwa mwajiriwa kijana, mwenye miaka mingi ya kazi mbele na mshahara unaopita benki, mkopo unastahili kufikiriwa kwa uzito, hasa kama kodi unayolipa sasa tayari inakaribia nusu ya rejesho. Jaribu kwanza: kwa miezi sita, weka pembeni kila mwezi tofauti kati ya kodi yako na rejesho. Ukishindwa mwezi wa tatu, umepata jibu bila kudaiwa na mtu, na akiba imeongezeka.

Ukiwa na watoto wanaosoma na hutaki kuwahamisha shule, tafuta pagale mtaani hapo hapo. Zunguka kwa miguu, madalali hawayajui yote.

Ukibakiza miaka michache kustaafu, deni la miaka 15 si lako. Wala kiwanja kitupu si chako, kama mafao yako ndiyo yatakayokijenga yote, kwa sababu nimeona mafao yakiishia kwenye linta. Pagale lililopauliwa au nyumba ndogo iliyokamilika nje ya mji, Kibaha au Kisarawe, itakuachia kitu cha kula.

Ukiwa unafanya kazi Muscat, London au Minnesota, ukweli ni kwamba wewe ndiye unayeibiwa kuliko wote kwenye njia ya kwanza, na mara nyingi na watu unaowapenda. Kama bado ni raia wa Tanzania, nyumba iliyokamilika kupitia wakili unayemlipa wewe ina usalama zaidi. Kama lazima ujenge, mlipe mhandisi asiye ndugu apime kazi kila hatua, na fedha iende kwa hatua iliyokaguliwa. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine aanze kwa mwanasheria kabla hajaongea na dalali, kwa sababu umiliki wa ardhi kwa asiye raia una masharti yake.

Na kama mko wawili na hamkubaliani, mmoja anataka kiwanja mwingine anataka kuhamia kesho, msisaini chochote mwezi huu. Andikeni kila mmoja kwenye karatasi yake kiasi anachoweza kutoa kila mwezi bila kukopa kwa rafiki, na siku ngapi kwa wiki anaweza kwenda eneo la ujenzi. Wekeni karatasi mbili hizo mezani kabla ya kumpigia dalali tena.